Jina la Mpendwa: Mapitio ya Hadithi Nne za Mapenzi na Miujiza

Kila mwisho wa mwezi ni desturi yangu kuandika machache juu ya vitabu vya kigeni nilivyovisoma, na kupima ni kitu gani ndani yake kiwezacho kuvushwa hata kikafika katika Kiswahili bila ya kuvunjika njiani. Mwezi huu nimesoma hadithi nne za namna ambayo wataalamu wengi huipita bila ya kuitupia jicho: hadithi za mapenzi zilizojaa majoka, misitu yenye uhai na watu wenye sihiri. Mbili ni riwaya za Kiingereza zilizotungwa Marekani, na mbili ni hadithi za picha kutoka Japani, za aina iitwayo manga.

Naungama kuwa sikuzichagua mwenyewe. Nilipewa na mwanafunzi wangu mmoja, msichana msikivu ambaye husoma hadithi hizi katika simu yake, na zile za Kijapani huzisoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Nilimwuliza kwa nini yeye na wenzake wasijaribu kuzifasiri. Akanijibu, "Mwalimu, Kiswahili hakina maneno ya mapenzi ya namna hii." Jibu lile lilinikera kwanza, kisha likanitia mashaka. Nimeishi miaka kadhaa katika nchi za baridi nikitafuta shahada ya udaktari katika elimu ya lugha, na nimerudi nyumbani kuwafundisha vijana kwamba hakuna lugha maskini. Ikiwa kijana wa kizazi hiki, mwenye Kiswahili safi cha kwao, anaamini kuwa lugha yake haiwezi kusema jambo analolipenda kuliko yote, basi ama yeye hajaifahamu lugha yake, ama mimi sijaifundisha. Mapitio haya ni jibu langu kwake.

Neno manga lisimchanganye msomaji. Katika Kiswahili Manga ni Uarabuni, hasa upande wa Maskati, na huko ndiko lilikotoka jina la pilipili manga. Manga ya Kijapani ni neno jingine kabisa, lililoundwa kwa alama mbili za maandishi, ya kwanza ikiwa na maana ya jambo lijiendalo bila ya mpango mkali, na ya pili ikiwa na maana ya picha. Mchoraji maarufu Hokusai alianza kutoa vitabu vya michoro vyenye jina hilo mwaka 1814, ingawa manga ya leo ni hadithi ndefu zitokazo sehemu kwa sehemu magazetini. Vitabu hivi hufunguliwa na kusomwa kutoka kulia kwenda kushoto, jambo ambalo halitamshangaza yeyote aliyepata kushika tenzi zetu za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Wala mapenzi yaliyochanganyika na miujiza si ugeni kwetu. Hadithi za Alfu Lela u Lela zimesomwa kwa Kiswahili tangu zamani za walimu wetu, na Shaaban Robert aliposimulia kisa cha Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, alitia ndani yake jini na watu waliogeuzwa manyani, bila ya kuomba radhi kwa mtu yeyote. Kwa hiyo mlango u wazi. Lililobaki ni kujua tutamkaribisha mgeni kwa salamu gani.

Kipimo nilichotumia ni kimoja. Hadithi ya mapenzi ni safari ya watu wawili kutoka mbali kuja karibu. Miujiza yaweza kuwatia wawili chini ya paa moja, yaweza hata kuwafunga kwa kamba isiyoonekana; lakini haiwezi kuwafanya wapendane. Kazi hiyo hufanywa na maneno, na zaidi ya maneno yote, hufanywa na lile ambalo kila mmoja humwitia mwenziwe. Nimeviuliza vitabu vyote vinne swali hili: wawili hawa waliitanaje mwanzo, na waliitanaje mwisho?

Nianze na kile kijulikanacho zaidi. Fourth Wing ya Rebecca Yarros ilitoka mwaka 2023 na ikasomwa na umma mkubwa wa watu. Msimulizi wake ni Violet Sorrengail, msichana wa miaka 20, mwenye mwili dhaifu na viungo viteukavyo upesi. Alijiandaa kuwa mwandishi na mtunza kumbukumbu, lakini mama yake, ambaye ni jenerali, humlazimisha kuingia katika kundi la wapanda majoka wa chuo cha vita cha Basgiath, ambako wengi washindwao hawapewi nafasi ya pili bali hufa. Humo hukutana na Xaden Riorson, ambaye baba yake aliongoza uasi akauawa na utawala ule ule anaoutumikia mama yake Violet. Joka la Violet na joka la Xaden ni mume na mke wasioweza kutengana kwa muda mrefu. Basi wapandaji nao hawana budi kukaa karibu. Baadaye wanaweza hata kusemezana moyoni bila ya kufungua kinywa.

Sifa ya kitabu hiki ni mwili wa Violet. Mwandishi hauponyi kwa sihiri. Violet hujifunga viungo vyake, huhesabu nguvu zake na kuishi na maumivu yake, na Xaden anapomtengenezea tandiko ili asiporomoke mgongoni mwa joka, tandiko lile lasema mapenzi kuliko kurasa nyingi za maneno matamu. Aibu yake ni ile njia ya mkato ya kusemezana moyoni. Wawili wale hugombana kwa lugha moja, hupatana kwa lugha ile ile, na kupendana kwa lugha ile ile. Umbali kati yao huondolewa na majoka kabla ndimi zao hazijafanya kazi. Liko jambo moja tu la lugha lililonipendeza. Mara nyingi Xaden hamwiti Violet kwa jina lake, bali hulikata na kuligeuza liwe neno la Kiingereza lenye maana ya ukatili wa kupigana. Huanza kama dhihaka kwa msichana mnyonge. Huishia kuwa sifa, na mwisho kuwa jina la faragha. Mwanafunzi wangu alisema mchezo huo haufasiriki. Mimi nasema wafasirika kwa herufi nne: Vita. Lina silabi ile ile ya kwanza, ni fupi kama yafupishwavyo majina ya wapendwa wetu, na maana yake haihitaji kuelezwa.

Cha pili ni Uprooted cha Naomi Novik, kilichotoka mwaka 2015 na kupata tuzo ya Nebula kwa riwaya bora ya mwaka huo. Novik alikichota kisimani mwa ngano za Kipolandi. Katika bonde lililopakana na Msitu wenye nia mbaya hukaa mjuzi wa sihiri ambaye watu humwita Joka, ingawa ni binadamu. Kila baada ya miaka 10 huchukua msichana mmoja kijijini kumtumikia katika mnara wake. Wote hudhani atamchukua Kasia, mzuri na hodari. Naye humchukua Agnieszka, ambaye nguo zake hazikosi tope.

Mtu wa elimu ya lugha hawezi kukisoma kitabu hiki bila ya kucheka na kuona haya kidogo. Joka hufanya sihiri kama sisi wa vyuoni tufanyavyo sarufi: kila silabi mahali pake, kila kituo kwa kipimo, na kosa moja la matamshi huharibu kazi nzima. Agnieszka hawezi. Yeye huimba, huguna, huongeza na kupunguza, kama mtu atafutaye njia porini kwa miguu. Na sihiri humtii. Joka hukasirika, kwa kuwa jambo asiloweza kulieleza limefaulu mbele ya macho yake. Mapenzi yao huzaliwa siku wanapojaribu kufanya kazi moja ya sihiri kwa sauti mbili pamoja, yeye kwa kanuni zake na msichana kwa wimbo wake, na kazi hiyo kuzidi uwezo wa kila mmoja wao. Huku ndiko kuja karibu kwa kweli. Na jina nalo hufuata: mtu ambaye bonde zima lamwita kwa cheo cha kutisha, kwake yeye huwa Sarkan. Kwa rai yangu hiki ndicho kitabu bora kabisa cha mwezi huu.

Nageukia Japani. Akatsuki no Yona ya Mizuho Kusanagi ilianza kutoka mwaka 2009. Yona ni binti mfalme aliyelelewa kwa anasa. Usiku wa kutimiza miaka 16 humwona binamu yake Su-won, ampendaye, akiwa amemwua baba yake mfalme. Hukimbia pamoja na mlinzi wake Hak, hukata nywele zake nyekundu kwa upanga, na kuanza kuijua nchi ambayo alikuwa akiiona kutoka dirishani tu. Hak ampenda tangu utotoni, na hasemi.

Namna asivyosema ndiyo iliyonishika. Kijapani kina viambishi vya heshima vinavyofuata jina au cheo: sama kwa heshima kubwa, san kwa heshima ya kawaida, kun na chan kwa ukaribu. Hime ni binti mfalme, na adabu ingetaka Hak amwite hime-sama. Yeye humwita hime-san. Ni hatua moja tu chini ya adabu, si zaidi. Ndani ya hatua hiyo mna utani wa watu waliokua pamoja, mna uaminifu wa mlinzi, na mna mapenzi yaliyojificha kwa sababu hayana haki ya kutoka. Tafsiri ya Kiingereza haina pa kuiweka hatua hiyo. Je, sisi tunapo? "Seyyida" lingekuwa juu mno, nalo ni la hime-sama. Jina tupu lingekuwa ufedhuli. Lakini tunalo neno "bibie". Mtumishi hamwiti bibi yake "bibie" ila kama amezoea kutaniana naye. Wala mtu hamwiti hivyo yule asiyemheshimu kabisa. Hupotea cheo cha ufalme, ambacho mfasiri aweza kukirudisha mahali pengine. Lakini kile kivuli cha sauti hubaki.

Cha nne ni Mahōtsukai no Yome ya Kore Yamazaki, iliyoanza mwaka 2013, na hiki ndicho kilichoninyima usingizi. Hatori Chise, msichana wa Kijapani wa miaka 15, aliyekataliwa na jamaa zake, akubali kuuzwa mnadani. Mnunuzi wake ni Elias Ainsworth, mjuzi wa sihiri akaaye Uingereza, mwenye mwili wa mtu na kichwa cha fuvu la mnyama mwenye pembe. Hutoa paundi milioni 5, humchukua nyumbani, na kumwambia kuwa atakuwa mwanafunzi wake, na baadaye mkewe.

Msomaji wa Tokyo au London aweza kuliona jambo la mnada kuwa pambo la hadithi. Msomaji wa pwani hii hawezi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na maneno yake yangali hai midomoni mwetu. Jina la kitabu lasema mke. Lakini Kiswahili, kabla ya mke, chauliza swali, kwa kuwa kinalo neno la mwanamke aliyenunuliwa kisha akalaliwa na bwana wake: suria. Mfasiri hatalitumia, kwani Elias hamgusi hivyo. Lakini neno limesimama mlangoni, na kila msomaji wetu ataliona. Je, mwandishi ajua alichokishika? Nimesoma kwa shaka, nikaona kwamba ajua, walau kwa sehemu kubwa. Elias ni mjuzi wa mambo ya kale asiyejua majina ya hisia zake mwenyewe, na msichana aliyenunuliwa ndiye amsaidiaye kuzitambua. Humkosea, naye humkemea. Elias hujiita boku, nafsi ya kwanza ya kiume iliyo laini, ambayo hata mvulana mdogo huitumia. Si ore, ambayo Hak huitumia kwa ukali wa kijeshi. Dubwana lenye sauti ya kijana mpole! Zote hizo Kiingereza huzifasiri kwa neno moja. Kwetu pia ni "mimi". Lakini tunazo "miye" na "mie", na masikio ya pwani hayazisikii kuwa sawa. Hata hivyo sitakisifu kitabu hiki bila ya sharti: kinachukua muda mrefu mno kukiri kuwa wema wa mnunuzi hauondoi bei.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu, maana kuna jambo moja ambalo amelisema kweli bila ya kujua. Katika hadithi za Kiingereza na za Kijapani, kuja karibu ni kulifikia jina tupu. Cheo huanguka, kiambishi cha heshima huanguka, na siku jina linapotamkwa peke yake moyo wa msomaji huruka. Mila yetu ya pwani imekwenda upande mwingine. Mke wa heshima wa zama zilizopita hakumtaja mumewe kwa jina. Alisema Bwana, au mwenzangu, au Baba Fulani kwa jina la mtoto wao. Ukaribu ulikuwa ni kulifunika jina, si kulifunua. Mimi sikupata kumsikia mama yangu akimwita baba yangu kwa jina lake. Siku niliyomsikia akilitaja ilikuwa mbele ya karani aliyeandikisha kifo chake, na alilitaja taratibu, kama mtu avukaye maji asiyoyajua kina. Mfasiri atakayeandika tu kwamba Agnieszka alimwita mpenzi wake kwa jina, huku msomaji wake amelelewa na mama wa namna hiyo, ameleta neno na kuiacha maana ng'ambo.

Lakini kutokuwa na njia ile ile si kutokuwa na njia. Kiswahili kinacho chombo ambacho Kiingereza na Kijapani havina, nacho ni upatanisho wa ngeli. Zimwi, joka, jitu na dubwana ni majina ya ukubwa na kitisho, na katika ngano zetu huchukua li: zimwi likaja, joka likatoka. Methali nayo yashuhudia: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtu huchukua a. Kati ya "lilikuja" na "alikuja" pana silabi moja tu ya tofauti, kwa kuwa l imeondoka na i imekuwa a. Lakini tofauti hiyo ni ile ya kitu na nafsi.

Basi mfasiri wa Uprooted na awaache wanakijiji waseme, "Joka limefika." Agnieszka naye aseme hivyo siku ya kuchukuliwa, na siku za hofu mnarani. Kisha, katika kazi ile ya sauti mbili, bila ya kutangaza, kiambishi kibadilike: "Joka amechoka." Msomaji atasikia kabla ya kufahamu. Kwa Elias, yule wa kichwa cha fuvu, njia ni hiyo hiyo, na hapo ina uzito zaidi, kwa sababu mnadani mambo yamepinduka: aliyenunuliwa ndiye mtu, na mnunuzi ndiye dubwana. Chise akisema "limeninunua" mwanzoni, na "amenisikia" baadaye, hadithi nzima imesimuliwa kwa viambishi viwili, wala hapakuhitajika neno hata moja la mapenzi.

Liko jina jingine la kuamuliwa kabla ya kazi kuanza, nalo ni la hawa wenye sihiri. Kuwaita wachawi ni kuwahukumu, maana mchawi kwetu ni mwenye kudhuru. Kuwaita waganga ni kuwapa tiba ambayo si kazi yao yote. Mimi nimetumia "mjuzi wa sihiri", na nakiri kuwa ni refu na la kichuo, la kumpendeza Joka wala si Agnieszka. Mwenye fupi zaidi na alilete.

Hukumu yangu ya mwezi, basi, ni hii. Uprooted yastahili kufasiriwa kwanza, kwa kuwa ndani yake lugha yenyewe ndiyo mshenga. Akatsuki no Yona yafuata, kwa ajili ya hatua ile moja ya adabu. Mahōtsukai no Yome ifasiriwe na mtu mzima aijuaye historia ya pwani, asiyeogopa swali lililosimama mlangoni. Fourth Wing itajifikia yenyewe kwa wasomaji, haina haja ya msaada wetu. Lakini atakayeifasiri namzawadia Vita.

Nimempa mwanafunzi wangu kurasa 10 za Uprooted, kutoka safari ya kwenda mnarani, azifasiri kwa masharti haya. Ameleta tatu. Katika ya tatu ameandika "Joka alinitazama", mapema mno, siku ya kwanza kabisa, nami nikamwekea alama nyekundu. Alibisha. Alisema Agnieszka alikwisha kumwona kuwa ni mtu tangu pale, ila hakutaka kukubali. Nimeirudia sura ile mara mbili tangu siku hiyo, na alama yangu nyekundu nimeifuta.